Kabla Hujabadilisha Sensa, Fuata Waya

Sensa ya joto aina ya K, ile ya nyaya mbili za metali tofauti zilizochomelewa nchani, hutoa maikrovolti 41 hivi kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Maikrovolti ni sehemu moja ya milioni ya volti. Chukua waya unaobeba kitu kidogo kiasi hicho, ulaze kwenye bomba moja na waya wa volti 230, halafu utegemee kifaa cha kupimia kijue lipi ni joto na upi ni umeme wa jirani. Milivolti moja ikidandia humo, namba inahama kwa nyuzi zipatazo 24.

Kazi yangu ni kufunga na kurekebisha vipimo huku Nyanda za Juu Kusini: vyumba vya baridi vya parachichi Njombe, vikaushio vya chai Mufindi na Rungwe, pampu za mashamba ya mpunga Mbarali, na siku hizi mabanda ya kuku ya vijana wa Uyole na Iringa mjini wanaojitengenezea vifaa wenyewe. Kote nasikia neno moja: "Fundi, sensa imekufa." Mara nyingi ni nzima kabisa. Mpya inaagizwa Dar es Salaam, inapanda basi, inafungwa, na namba zinaendelea kuruka kama zilivyokuwa zikiruka. Hela imekwenda. Tatizo liko kwenye njia ambayo waya umepitishwa, na njia hiyo hakuna aliyeikagua.

Namba isiyoaminika huwa inaangukia watu. Kuna chumba cha baridi Njombe ambacho rekodi yake ya usiku ilionyesha joto likipanda kutoka nyuzi 5 hadi 12 au 13, kisha likarudi, mara kadhaa kila usiku. Msimamizi akaona jibu liko wazi: kijana wa zamu anafungua mlango. Kijana alikuwa ameshaandikiwa barua ya onyo. Nilimkuta amekaa nje ya ofisi, nikamwambia "Kamwene", akaitikia bila kuinua uso.

Niliomba rekodi yenyewe, siyo ile taarifa ya asubuhi yenye kiwango cha juu na cha chini tu. Kifaa kilikuwa kinaandika kila sekunde, na hapo ndipo ushahidi ulipokuwa. Joto lilikuwa linapanda nyuzi saba ndani ya sekunde moja na kushuka zote ndani ya sekunde moja au mbili. Hewa ya chumba kilichojaa kreti za matunda haiwezi kufanya hivyo. Mlango ukifunguliwa, joto linapanda kwa kujivuta, na mlango ukifungwa linashuka kwa kujivuta zaidi, kwa dakika nyingi, kwa sababu matunda, kuta na sakafu vyote vinashiriki. Kitu kinachoruka na kurudi ndani ya sekunde mbili hakikutoka chumbani. Kimeingia kwenye waya.

Lakini msimamizi alihitaji kuona kwa macho yake. Sensa iliyokuwepo ilikuwa Pt100, yaani kipande cha platinamu chenye ukinzani wa omu 100 kwenye nyuzi sifuri, unaoongezeka kwa omu 0.385 hivi kwa kila nyuzi. Niliitoa, na pale pale ndani ya chumba, mwisho wa kebo, nikafunga mahali pake rizista ya omu 100, kipande ambacho ukinzani wake haubadiliki na joto la chumba. Nilitumia ya usahihi wa asilimia 0.1, maana ile ya kawaida ya asilimia 1 inaweza kupotosha kwa nyuzi 2.6 hata kabla kazi haijaanza. Kioo kikaonyesha 0.2. Kikatulia hapo. Tukasimama sote watatu mbele ya paneli, mlango wa chumba umefungwa, tukingoja kompresa iwake. Kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha kompresa, ikagonga, namba ikaruka hadi karibu 8, ikarudi 0.2. Kompresa ilipozimwa ikaruka tena. Rizista haisikii joto la mlango. Msimamizi aliangalia mara ya tatu, akamwita kijana ndani, akamwambia, "Mdogo wangu, ile barua naifuta." Nimefanya kazi nyingi kubwa kuliko ile, ila sijui kama ipo niliyoifurahia zaidi.

Kebo ya sensa ilikuwa imelazwa kwenye mfereji uleule wa plastiki uliobeba waya wa kompresa, sambamba, kutoka kwenye paneli hadi mwisho wa ukuta. Aliyeifunga alitaka ukuta uwe nadhifu, na ulikuwa nadhifu kweli. Kompresa ile ilikuwa na mota ya fezi tatu inayowashwa moja kwa moja, na mota ya namna hiyo wakati wa kuanza hunyonya mkondo mara tano hadi nane ya mkondo wake wa kawaida. Juu ya hapo, koili ya kontakta, yaani waya uliozungushwa unaoifanya sumaku, inapokatiwa umeme haikubali mkondo wake ukatike ghafla. Hupandisha volti hadi mamia kadhaa au zaidi kwa muda mfupi sana, cheche inaruka, na kila waya uliolala karibu unapata mgao wake.

Kelele huingia kwenye waya wa kipimo kwa njia chache, na ukikosea njia utatumia dawa isiyohusika. Moja hutokana na volti. Nyaya mbili zikilala sambamba kwa mita nyingi zinakuwa kapasita ndefu, yaani metali mbili zisizogusana zinazohifadhi chaji, na volti ikibadilika upande mmoja, mkondo mdogo unapenya upande wa pili. Hapo wavu wa shaba au karatasi ya alumini inayozunguka nyaya za kipimo inasaidia sana, mradi iwe imeunganishwa na ethi, yaani waya unaokwenda ardhini. Nimefungua paneli nyingi nikakuta wavu umekatwa vizuri, umefungwa tepu, haukuunganishwa popote. Wavu wa namna hiyo haufanyi kazi yoyote.

Njia nyingine hutokana na mkondo. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba uga sumaku unaobadilika huzalisha umeme kwenye kitanzi cha waya. Nyaya mbili za sensa zikiachana, hata kwa upana wa kidole, tayari ni kitanzi, na kadiri zinavyoachana ndivyo kinavyokusanya zaidi. Wavu mwembamba wa shaba hauzuii uga sumaku wa hezi 50, yaani wa umeme wetu wa kawaida. Watu wananunua kebo ya bei kubwa wakitegemea wavu ufanye kazi ambayo hauwezi, wakati kinachotakiwa ni nyaya mbili kusokotwa pamoja. Zikisokotwa, umeme unaoingia kwenye pindo moja unafutwa na ule wa pindo linalofuata, kwa sababu nyaya zimebadilishana upande. Alexander Graham Bell alipata hataza ya nyaya zilizosokotwa mwaka 1881, enzi ambazo laini za simu zilikuwa zinasumbuliwa na nyaya za jirani. Bado ni dawa ileile, na bei yake ni mikono yako na dakika chache.

Pale Njombe tulihamisha kebo ya sensa hadi ukuta wa pili. Mahali pamoja ilipolazimika kukutana na waya wa kompresa tuliivusha kwa pembe ya mraba, kwa maana nyaya zinazokatana hivyo hazisikilizani kama zinazolala pamoja. Wavu, ambao ulikuwa umefungwa kwenye paneli na tena kwenye fremu ya chuma ya chumba, tukauacha upande wa paneli tu. Kwenye koili ya kontakta tukaunga rizista ya omu 100 na kapasita ya nanofaradi 100 kwa mfululizo, zote mbili za kiwango kinachofaa umeme wa volti 230, ili ile volti ya kuzimia ipate pa kumalizikia. Kwa rilei ndogo (swichi zinazoendeshwa na koili) za umeme wa DC inatosha dayodi moja, kipande kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, aina ya 1N4007, imefungwa kinyume juu ya koili. Hatukununua sensa mpya. Kapasita na rizista vilikuwa ndani ya begi langu.

Kuhusu kuunganisha wavu upande mmoja au pande zote mbili, mafundi tunabishana sana. Kwa kelele za hezi 50 na kebo ya sensa inayokwenda mbali, upande mmoja, kwa kawaida ule wa paneli. Sababu ni kwamba ethi ya paneli na ethi ya chuma kilichoko mita 60 kutoka hapo hazina volti moja. Ukiziunganisha kwa wavu wa kebo yako, mkondo unapata barabara ya kupitia, na barabara hiyo imeizunguka sensa. Kwa kelele za kasi kubwa, kama za inveta za kuendeshea mota na kubadilisha kasi yake, sheria inageuka: kebo ya kutoka kwenye inveta kwenda kwenye mota inatakiwa kuwa na wavu uliofungwa pande zote mbili, kwa kibano kipana kinachoushika wavu mzima. Ukiusokota wavu ukawa kamkia kembamba ka sentimita kumi, kwa kelele ya namna ile ni karibu sawa na kutoufunga.

Inveta zimeingia kwa wingi viwandani kwetu na zinaokoa umeme mwingi, sina ugomvi nazo. Ila zinakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kila mkato una makali. Kwenye kiwanda kimoja cha chai Mufindi, mafeni ya kunyaushia majani yalipofungiwa inveta, kikaushio kilichokuwa kinasoma nyuzi 100 kwa utulivu kikaanza kuyumba nyuzi 15 huku na huku. Ukipiga hesabu, nyuzi 15 za sensa aina ya K ni kama maikrovolti 615, haifiki hata milivolti moja. Lakini opereta hayaoni maikrovolti hayo. Anaona joto limeshuka, anaongeza moto, na chai inayotakiwa kutoka na unyevu wa asilimia 3 hivi inatoka imeungua ladha.

Pale kulikuwa na jambo ambalo wengi hawalijui. Sensa hizi zinatengenezwa kwa namna mbili: zile ambazo ncha yake imechomelewa kwenye ala ya chuma, na zile ambazo ncha imetengwa na ala. Ya kwanza inasikia joto haraka zaidi, na ndiyo iliyokuwa imefungwa. Ala inagusa mwili wa kikaushio, mwili umeungwa ethi, na upande wa pili kifaa cha kusomea nacho kimeungwa ethi. Yaani mkondo unaorandaranda kwenye vyuma vya kiwanda ulikuwa umefunguliwa mlango hadi ndani ya kipimo. Tulibadilisha kwa sensa ya ncha iliyotengwa, na karibu na kikaushio tukafunga kigeuzi chenye utengano wa umeme kinachotoa mkondo wa miliampia 4 hadi 20 kulingana na joto. Huo, kwa maoni yangu, ndio mfumo unaofaa mahali popote penye mota na umbali. Kinachobebwa ni mkondo badala ya volti, kwa hiyo ukinzani wa waya mrefu hauupotoshi. Mwisho wa safari rizista ya omu 250 inaugeuza kuwa volti 1 hadi 5, ambazo milivolti za kelele haziwezi kuzitikisa kirahisi. Na kwa kuwa kiwango cha chini ni miliampia 4, ukiona sifuri unajua waya umekatika.

Kwenye mabanda na vitalu mambo ni madogo zaidi lakini yana hatari yake. Kijana mmoja Uyole alikuwa na banda la vifaranga, sensa ya joto ya DS18B20, kompyuta ndogo ya ESP32 yenye Wi-Fi, na rilei za taa za joto na feni. Usiku wa Julai, baridi ya Mbeya unaijua, kifaa kinasoma nyuzi 85, kinazima taa na kuwasha feni. Vifaranga wa wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35. Alikuwa ameshapoteza baadhi.

Namba 85 ni alama ya kuikariri. DS18B20 ikiwashwa upya, kabla haijapima chochote, ndani yake kuna nyuzi 85. Kwa hiyo ukiiona hiyo 85 kamili, sensa yako imepoteza umeme kwa kitambo kidogo ikaamka tena, na programu ikasoma kabla haijapima. Maktaba ya programu inayotumiwa na wengi huonyesha -127 pale sensa inapokosekana kabisa. Kwa kijana wa Uyole rilei, ESP32 na sensa vyote vilikuwa vinakula kwenye chaja moja ndogo ya simu. Rilei zikivuta, na ESP32 ikirusha Wi-Fi kwa wakati huohuo, volti inadidimia. Tulizipa rilei chaja yao, tukaweka kapasita ya nanofaradi 100 miguuni mwa sensa na nyingine ya maikrofaradi 470 kwenye laini ya umeme, tukahakikisha rizista ya kiloomu 4.7 kati ya waya wa data na waya chanya ipo kweli. Kisha kwenye programu tukaandika kwamba 85 na -127 ni majibu ya kukataliwa, na yakija mfululizo taa zibaki zimewaka na simu ya mwenye banda ilie. Kwa wanaotumia ESP32 kusoma volti, nitaje hili harakaharaka: miguu ya ADC2 (ADC ni sehemu inayogeuza volti kuwa namba) haisomeki Wi-Fi ikiwa inafanya kazi. Tumia ADC1, yaani namba 32 hadi 39. Nimeona watu wakihangaika na kelele ambayo haikuwapo.

Vijana wenye ujuzi wa programu hupenda kuanzia huko: chukua vipimo kumi, tafuta wastani, basi. Programu nzuri inasaidia, lakini hesabu lazima iheshimu umeme wenyewe. Umeme wetu ni wa hezi 50, wimbi moja linachukua milisekunde 20. Ukichukua vipimo kumi harakaharaka ndani ya milisekunde moja, umepima sehemu ileile ya wimbi mara kumi, na wastani wako umebeba kosa lote. Vitawanye: kimoja kila milisekunde 2, vyote kumi vijaze milisekunde 20 kamili. Hapo nusu ya juu ya wimbi inafuta nusu ya chini. Ukivuta hadi milisekunde 100 ni bora zaidi, mawimbi matano kamili. Mruko wa ghafla wa kontakta hautibiwi kwa wastani, kwa sababu namba moja ya ajabu inazivuta nyingine zote. Huo unatibiwa kwa kupanga vipimo vitano kwa ukubwa na kuchukua cha katikati. Na kwa kitu cha polepole kama unyevu wa udongo, rizista ya kiloomu 10 na kapasita ya maikrofaradi 10 kabla ya mguu wa kusomea zinapunguza hezi 50 kwa mara thelathini hivi, bila mstari hata mmoja wa programu.

Ila nasisitiza: hifadhi na namba ghafi. Kama kile chumba cha Njombe kingekuwa na programu ya kulainisha, mistari ingekuwa imelainika, ile miruko ya sekunde moja ingegeuzwa vilima vya dakika kadhaa, na vilima hivyo vingefanana kabisa na mlango uliofunguliwa. Yule kijana asingekuwa na cha kumtetea.

Limebaki la ethi, ambalo linanitia hofu kuliko yote. Mafundi kadhaa wakishindwa na kelele huchimbia fimbo mpya ya shaba, mbali na ile ya jengo, na kuunga vifaa vya kupimia huko peke yake. Wanaiita ethi safi. Kelele huweza kupungua kweli, na ndiyo maana tabia hii inaenea. Lakini fimbo mbili zisizounganishwa ni sehemu mbili za ardhi, na radi ikipiga karibu, tofauti kati yake inaweza kufika maelfu ya volti. Tofauti hiyo itapita mahali fimbo hizo zinapokutana, yaani ndani ya kifaa chako, au kwenye mkono wa aliyekishika. Sisi tunaishi kwenye milima, na mvua za Novemba zinapoanza radi haziombi ruhusa. Kama umechimbia fimbo ya pili, iunge na baa kuu ya ethi ya jengo kwa waya mnene, mfupi, usiozungushwazungushwa. Vyuma vyote vya mtambo na vya paneli viungwe kwenye baa hiyo moja. Kwa kelele za vipimo, muungano huo una maana kuliko wingi wa fimbo.

Na ukinzani wa fimbo upimwe kipindi cha kiangazi, Septemba au Oktoba, udongo ukiwa umekauka. Kipimo cha Machi, ardhi ikiwa imelowa, kitakupa namba nzuri ambayo Oktoba haipo. Ukikuta imepanda sana, ongeza fimbo au ishushe zaidi hadi kwenye udongo wenye unyevu, kaza vibano vilivyoshika kutu, halafu washa mitambo yote kwa pamoja, mota, inveta, pampu, na ukae mbele ya kioo uangalie namba kwa saa nzima kabla hujafunga paneli.